Tuanze na Daftari, Fahali Atafuata

Maneno ya Kamati ya Mifugo kwenye Mkutano Mkuu wa Mwaka na Harambee



Kamati ya Mifugo tumepewa dakika ishirini, nasi tunajua mnachotaka kusikia kwanza. Mnataka habari za fahali.

Mwaka juzi tulikaa katika ukumbi kama huu tukachangishana fedha za kumnunulia kila mfugaji wa kijiji mbegu bora, yaani fahali mmoja wa kupanda ng'ombe wa wote. Wengi wenu mlitoa kwa moyo. Picha yake ilitoka katika kijitabu hiki hiki. Alikuwa mwekundu, mrefu, nundu imesimama, shingo nene, mkia unaofagia vumbi. Siku aliposhushwa kwenye lori wazee walimzunguka mara mbili bila kusema neno, na kwa wanaowafahamu wazee wetu, hiyo ni sifa kubwa.

Alipanda ng'ombe msimu ule wote. Mwezi wa nne vijana wa malisho wakaanza kutuambia kwamba ng'ombe waliokwisha pandwa wanarudi kwenye joto. Hatukuwasikiliza. Mwezi wa sita tukamwita mtaalamu wa mifugo, akampima, akatuonyesha jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliangalia siku ya kununua: mfuko wa korodani ulikuwa mdogo mno kwa fahali wa umri ule. Alinenepeshwa vizuri kwa pumba na mashudu, akapendeza, lakini kazi aliyoletewa haiwezi. Mwaka ule kijiji kikakosa ndama. Kwa familia inayotegemea maziwa ya mvua na kuuza dume mmoja kwa ajili ya ada ya shule, mwaka bila ndama si jambo la kusimulia kwa kicheko. Kuna watoto wawili waliochelewa kuripoti kidato cha kwanza, na wazazi wao wako humu ndani.

Aliyetuuzia hatutamtaja, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Tulimuuliza bei. Hatukumuuliza mama yake fahali alizaa mara ngapi, wala ndugu zake walikuwa na uzito gani walipoacha kunyonya, wala kama amewahi kupata mimba kwa jike yeyote. Tungeuliza, huenda asingekuwa na la kujibu, na hilo lenyewe lingekuwa jibu.

Kwa hiyo mwaka huu hatuji kuomba fahali mwingine. Tunaomba mzani, hereni za masikioni, mikanda ya kupimia na madaftari. Tunajua haviwezi kupigwa picha vikapendeza. Tuvumilieni tueleze.

Jicho la mfugaji wa kwetu ni kali. Mzee aliyekulia malishoni anamjua ng'ombe wake kwa kwato alizoacha njiani. Lakini jicho linaona vitu vitatu kwa pamoja na haliwezi kuvitenganisha: umri wa ndama, chakula alichokula na damu aliyorithi. Mbegu ni hicho cha tatu peke yake. Viwili vya kwanza havirithiwi.

Tuchukue ndama wawili siku ya kupima. Wa kwanza ana kilo 150, wa pili ana kilo 138. Kwa macho, na hata kwa mzani, wa kwanza ndiye bora, na sokoni ndiye mnunuzi atakayemshika mkia. Sasa tufungue daftari. Wa kwanza alizaliwa akiwa na kilo 25 na leo ana siku 250. Ameongezeka kilo 125, yaani nusu kilo kwa siku. Wa pili alizaliwa na kilo 24 na leo ana siku 190 tu. Ameongezeka kilo 114, yaani gramu 600 kwa siku. Wafugaji wa nyama katika nchi nyingi huwaweka ndama wote kwenye umri mmoja wa siku 205 ndipo wawalinganishe. Tukifanya hivyo, wa kwanza anakuwa na kilo 127 na nusu, na wa pili kilo 147. Yule mdogo amempita mkubwa kwa karibu kilo 20. Na kama mama wa huyu wa pili ni mtamba aliyezaa kwa mara ya kwanza, ambaye maziwa yake bado machache, basi anastahili kuongezewa kidogo tena. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Asichoweza, wala profesa hawezi, ni kuifanya bila tarehe ya kuzaliwa.

Hapa tuseme jambo kuhusu mama zetu. Tulipoanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuuliza tarehe za ndama, wanaume tulijibiwa, "wa mvua za mwanzo", "wa wakati wa mavuno". Wanawake walitujibu kwa wiki. Ndama alizaliwa siku mbili baada ya msiba fulani, au Ijumaa ile kijana alipokwenda kujiunga na jeshi. Wao ndio wanaokamua, na anayekamua anajua. Kwa hiyo kamati imeamua daftari likae kwa anayekamua. Kuna waliokunja uso. Wamekwisha kukunjua, au watakunjua.

Tena wao ndio wanaojua siri nyingine inayoharibu hesabu. Kwetu ndama hanyonyi maziwa yote, anagawana na nyumba. Nyumba yenye watoto wengi inakamua zaidi, na ndama wake anatoka mwembamba hata kama ana mbegu nzuri. Ndiyo maana ndama wa nyumba hii hawezi kulinganishwa moja kwa moja na ndama wa nyumba ile. Analinganishwa na wenzake wa rika moja: waliozaliwa msimu mmoja, wakalishwa pamoja, wakakamuliwa mama zao kwa namna moja. Tunaandika alivyowapita wenzake au alivyopungua kwao. Kilo zake peke yake hazituambii kitu.

Sasa mtauliza, kama kila nyumba ina rika lake, tutajuaje fahali wa mtaa wa juu ni bora kuliko wa mtaa wa chini? Swali hili ndilo lililowasumbua wataalamu wa dunia kwa miaka mingi. Charles Henderson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ndiye aliyetengeneza njia ya hesabu inayotumika mpaka leo. Kwa maneno ya nyumbani ni hivi: ukiwa na watoto wa fahali mmoja katika zizi A na watoto wengine wa fahali huyo huyo katika zizi B, yeye anakuwa daraja. Damu yake ni ile ile pande zote mbili, kwa hiyo tofauti ya watoto wake hapa na pale inakuonyesha tofauti ya malisho na matunzo. Ukishaijua hiyo, unaiondoa, na mafahali wengine wa pande zote mbili unaweza kuwapanga kwenye mstari mmoja. Kompyuta inafanya hivyo kwa maelfu ya ng'ombe kwa mara moja, ikiunganisha ndugu, mama, bibi na wajukuu wote. Australia wana mpango wa kitaifa wa namna hiyo tangu mwaka 1985. Jirani zetu Wakenya wana chama cha wafugaji wa Boran tangu mwaka 1951, na Boran wa Kenya wameuzwa mpaka kusini mwa Afrika. Mnunuzi wa mbali hanunui ng'ombe kwa kusimuliwa, anataka kuona ukoo umeandikwa.

Tulipoelezwa habari hiyo ya daraja, mzee mmoja wa kamati alicheka peke yake. Tulimuuliza. Akasema, "Mbona hilo tunalo?" Na kweli tunalo. Sisi Wagogo tangu zamani hatuweki ng'ombe wote katika zizi moja. Unamwekesha rafiki watatu, shemeji wawili, mjomba mmoja, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande huu, upande ule ubaki. Wageni walidhani tunaficha mali. Kumbe kwa kuwekeshana huko, mabinti wa fahali mmoja wametapakaa mazizi kumi na tano katika vijiji vinne. Madaraja yako tayari. Kilichokosekana ni kuandika nani binti wa nani.

Tusiwadanganye lakini kwamba daftari la mwaka mmoja linatoa fahali. Fahali akimpita mwenzake kwa kilo 20, kilo zote hizo si za mbegu. Katika uzito wa kuacha kunyonya, wataalamu huchukulia kwamba kama robo hivi ya tofauti ndiyo inayotokana na damu. Nyingine ni maziwa ya mama, majani na bahati. Robo ya 20 ni kilo tano. Na katika hizo tano mtoto anapewa nusu na baba, nusu nyingine anatoa mama. Zinabaki kilo mbili na nusu. Kidogo, sivyo? Ndiyo maana fahali hapimwi kwa mwili wake tu, anapimwa kwa watoto. Watoto watatu wakiwa wazito inaweza kuwa bahati. Watoto thelathini katika mazizi kumi wakiwapita wenzao, hiyo si bahati tena. Na kilo mbili na nusu kwa kila ndama, kila mwaka, zikirundikana kwa mabinti na wajukuu, zinakuwa mali ambayo ukame haumalizi kwa msimu mmoja.

Kuna jambo ambalo linatupa faida mapema zaidi, nalo halihitaji kompyuta wala mzani. Ni tarehe za kuzaa. Ng'ombe anabeba mimba kama siku 285. Ili azae kila mwaka, ana siku kama 80 tu baada ya kuzaa ashike mimba nyingine. Kwa malisho yetu ya mvua ya msimu mmoja, wachache wanaweza, na hatuwalaumu wanaochelewa miezi miwili mitatu. Lakini tulipoandika kwa nyumba chache za majaribio tuliona wengine wanazaa kila mwaka wa pili au wa tatu, na mara nyingi hao ndio walionona kuliko wote. Bila shaka wananona! Hawana ndama, hawana wa kumnyonyesha. Mwenye nyumba anamsifu, anamwita kwa jina, anamwonyesha mgeni. Wakati ule ule, kale kajike kembamba kenye pembe moja, kanakodharauliwa, kamezaa ndama wanne mfululizo na wote wako hai. Mwaka wa njaa ukija, mwenye nyumba anauza nani? Anauza kale kembamba, maana hakapendezi. Tumekuwa tukiuza mama wa zizi na kubakiza wapambe.

Uwezo wa kuzaa haraka unarithiwa kidogo tu kwa damu. Sehemu kubwa ni lishe, afya na kuwepo kwa fahali mzima. Kwa hiyo hatuahidi kuubadilisha kwa mbegu peke yake. Tunachoahidi ni kwamba mwenye daftari atajua nani wa kuuza mwezi wa nane, kabla majani hayajaisha na bei haijaanguka, badala ya kuuza mwezi wa kumi na moja kwa bei ya ngozi. Na yule fahali wetu? Tungekuwa na tarehe za kupandwa, wiki sita zingetosha kumgundua. Tulipoteza miezi sita.

Tena tuonye kuhusu ukubwa, kwa sababu ndugu zetu wa mjini mmetutumia picha nyingi za mafahali wa Ulaya kwenye simu. Ni wazuri. Lakini fahali anayezaa ndama wakubwa sana anaweza kumuua mtamba wa kwetu wakati wa kuzaa, na mwili mkubwa unataka majani mengi ambayo Dodoma mwezi wa kumi hayapo. Kituo cha utafiti cha Mpwapwa kilichukua miaka mingi kuchanganya zebu wetu na Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, na Boran, na damu kidogo ya Ulaya, mpaka mwaka 1958 wakapewa jina la ng'ombe wa Mpwapwa. Walikuwa wakipima na kuandika muda wote huo. Hatuhitaji kwenda mbali kujifunza, ni mwendo wa basi. Kwa hiyo katika daftari letu tumeweka mistari ya uzito, na pia mstari wa kuzaliwa kwa shida, mstari wa ndama aliyekufa na sababu, na mstari wa hali ya mama mwisho wa kiangazi. Anayechagua kwa jambo moja tu huharibu mengine mawili.

Jambo la mwisho la fahali ni undugu. Fahali mzuri tunampenda, tunakaa naye miaka sita, saba. Mwaka wa nne mabinti zake wameanza kupandwa, na anayewapanda ni baba yao. Ndama wa namna hiyo robo ya vinasaba vyake vinakutana na nakala zao wenyewe, na udhaifu uliojificha unatoka nje: ndama dhaifu, wanaokua polepole, wasioshika mimba. Dawa yake ni rahisi, kubadilishana mafahali kati ya mitaa kila baada ya miaka mitatu, baada ya kupimwa ugonjwa wa kutupa mimba. Lakini utabadilishanaje kama hujui nani mtoto wa nani? Bila maandishi unaweza kumtoa fahali mtaa wa juu na kumleta kaka yake.

Tunajua hofu iliyopo. Wazee wengi hawapendi ng'ombe kuhesabiwa. Wana sababu, katika maisha yao hesabu ya mifugo ilifuatwa na kodi, au na amri ya kupunguza. Tuko wazi kwenye hili: kuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, nayo ina utaratibu wake wa serikali, na hereni za serikali hatuzichezei wala kuzibadilisha. Daftari letu ni jambo jingine. Ni mali ya nyumba. Kamati inanakili namba ya ndama, mama, baba, tarehe na kilo. Idadi ya ng'ombe wa mtu haisomwi mkutanoni, na mjumbe atakayeitaja baa atatoka kwenye kamati siku hiyo hiyo. Limeandikwa kwenye mihtasari.

Sasa maombi. Mzani mmoja wa jukwaa wa kupimia ng'ombe, utakaokaa kwenye josho, ambako ng'ombe wanakuja kwa hiari yao. Mbao na nguzo za kutengenezea kichochoro cha kuwapitishia, kazi ya mikono tutatoa wenyewe. Hereni za plastiki zenye namba kwa ndama wote watakaozaliwa misimu miwili. Mikanda ya kupimia kifua kwa nyumba za mbali na josho. Tutaipima kwanza dhidi ya mzani kwa ng'ombe wetu wenyewe, maana mingi imetengenezwa kwa ng'ombe wa Ulaya na kwa zebu inakosea. Madaftari yenye jalada gumu, yasiyoliwa na mchwa haraka. Baiskeli mbili na posho ndogo kwa vijana wawili, msichana na mvulana, waliosomea mifugo na wako nyumbani bila kazi. Fahali tumeomba fedha zake zitengwe benki kwa miaka miwili, mpaka tuwe na orodha ya maswali ya kumuuliza muuzaji na mtaalamu wa kumpima kabla hatujalipa. Kwa nyumba zilizo tayari, wakati huo tunaweza kutumia mbegu ya kituo cha uhimilishaji cha Usa River, ambako baba wa ndama anajulikana kwa maandishi.

Na fahali yule mwekundu, kwa wanaouliza: tulimuuza kwa mchinjaji. Alitoa nyama nyingi. Fedha ziko kwenye taarifa ya mweka hazina, ukurasa unaofuata, nazo ndizo tumeziweka kama mchango wa kwanza wa mzani.

Fomu za ahadi ziko meza ya kushoto. Wanachama wa mjini wenye ng'ombe waliowekesha kwa ndugu nyumbani, na tunajua mko wengi, tunawaomba kabla ya kuondoka mtuandikie majina ya waliowatunzia na rangi za ng'ombe. Msimu wa kuzaa unaanza mvua zikianza, na vijana wanataka kuanza kuzunguka wiki ya kwanza ya Desemba.